Siku Tatu Mlimani Ambazo Sikukusimulia

Raya mwanangu,

Nakuandikia na hali bado tunalala nyumba moja, na hilo peke yake litakwambia kwamba ninalotaka kusema limenishinda kwa mdomo. Saa hizi umekwenda Manah kumuaga bibi yako. Alasiri imeshaswaliwa, nyumba imetulia, na sanduku lako limeshafungwa kamba. Barua hii nitaiweka juu yake. Isome peke yako, kabla hujatoka kuja sebuleni. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu cha kuandika kinachechemea, na pia kwa sababu mambo haya yalinipata kwa Kiswahili. Neno likikushinda lipite, mbele litajieleza.

Sitakwambia ule nini wala uvae nini. Bibi yako kashakwambia, shangazi zako wamekwambia, na mdalasini waliokutilia sandukuni utatosha chuo kizima. Mimi nataka kukwambia uongo niliokudanganya, na kisa kilichonifanya nikudanganye.

Unakumbuka kipupwe kilichopita tulipokwenda Misfat kwa rafiki wa baba yako? Tulikuwa tunateremka kwenye vikonde, maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, yanapita pembeni mwa miguu yetu, ukainua uso ukaona kilele cha jabali kimekuwa cheupe. Ukanikamata mkono. "Mama! Theluji!" Nami nikasema, "Theluji gani? Mawe tu hayo, jua limeyapiga." Mwenyeji wetu akacheka, akasema, "La, ya Umm Raya, theluji kweli hiyo, imeanguka jana." Nikainamia maji. Nilikuwa nimeijua tangu tulipoteremka garini, kabla hata sijaiona. Theluji ina harufu yake, mwanangu, na aliyeinusa mara moja haisahau. Nilikudanganya kwa sababu niliona macho yako. Yalikuwa macho yangu.

Halafu ikaja habari ya chuo. Ukatwambia kule kaskazini unakokwenda kusoma kuna chama cha watembeao milimani, na kwamba ukishajifunza, kipupwe cha pili utavuka milima peke yako, shanta mgongoni, siku tatu katika theluji. Ami yako Seif akasema astaghfirullah. Baba yako akaendelea kupangusa miwani yake. Aliyesema hapana wa kwanza nilikuwa mimi. "Mtoto wa kike, peke yake, jangwa la barafu? Watu watasema nini?" Ukaniangalia, ukasema, "Mama, wewe unajua nini kuhusu theluji? Maisha yako yote ni spitali na jiko."

Nikaenda jikoni. Tangu siku ile mimi na wewe tumezungumza habari za sanduku tu.

Sasa nisikilize.

Unajua kuwa nilisomea unesi Uingereza. Hapa Nizwa watu husema nilisoma London, nami sijamsahihisha mtu hata siku moja. Haikuwa London. Ilikuwa mji mdogo wa Uskochi, kaskazini kabisa, ambako mwezi wa Disemba jua huchomoza kivivu saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu mchana limeshakwenda zake. Nilitoka Unguja na umri wa miaka kumi na tisa, na Unguja niliyoiacha haikuwa ya kurudi tena. Mwaka wa kwanza nilivaa koti hata kitandani. Tuliyelala naye chumba kimoja, msichana mmoja jina lake Moira, alichoka kuniona nakaa mbele ya moto wa jiko kama paka. Jumamosi moja akanirushia buti kuukuu za dada yake, zenye misumari kwenye soli. "Vaa," akasema. "Baridi humkamata anayekaa."

Nikatoka naye na chama cha spitali. Nilirudi nimechubuka visigino, nimelowa, na nimecheka kuliko nilivyocheka tangu kuondoka kwetu. Basi ikawa kila Jumamosi. Nikajifunza kusoma ramani na dira, na kutumia kile kishoka cha barafu, mfano wa sururu ndogo, kinachokuzuia usiteleze. Nikajifunza hata kuchimba shimo kwenye ukingo wa theluji na kujisitiri humo upepo ukizidi. Kipupwe cha tatu wasichana wapya walikuwa wakiniuliza mimi njia.

Kipupwe hicho ndipo ilipokuja barua ya kaka yangu mkubwa kutoka Dubai. Nimeposwa. Mwanamume mwenyewe yupo Kuwait, wa watu wa Ibra, kazaliwa Unguja kama sisi, msomi, mpole, na nikimaliza mtihani nije niolewe. Huyo ndiye baba yako, na Mungu shahidi sijapata siku kujuta. Lakini siku ile sikumjua. Nilikaa kitandani na ile barua, nikajiambia: hadi leo nimekuwa binti wa fulani na dada wa fulani, na kuanzia Juni nitakuwa mke wa fulani, na baadaye mama wa fulani. Basi baina ya hapa na Juni nataka siku tatu niwe mimi tu. Nijue miguu hii inanifikisha wapi.

Palikuwa na njia ambayo chama walikuwa wakiivuka kwa kundi wakati wa joto. Unateremka kwenye treni upande mmoja wa milima, unapita bonde refu lenye ziwa, unatokea kijiji cha upande wa pili. Mwisho wa ziwa kuna kibanda cha mawe ambacho huachwa wazi kwa wapita njia. Nikamwambia Moira: nitapita bondeni, nitalala kibandani siku mbili, siku ya tatu jioni nitakuwa kijijini. Akayaandika yote kwenye karatasi. Kijijini alimjua mzee mmoja mchunga kondoo, Mzee Donald, mjomba wa mama yake. Akampigia simu anitazamie.

Siku ya kwanza ilikuwa kama zawadi. Theluji ilifika magotini, kavu, inalia chini ya buti kama mtu anayesaga mchele. Shanta ilikuwa nzito. Nilibeba mfuko wa kulalia, jiko dogo la mafuta ya taa, mkate, jibini na tende nilizoletewa na mgonjwa mmoja aliyedhani Waarabu wote hawaishi bila tende, na hakukosea. Magharibi nilikuwa kibandani. Niliswali nimevaa glovu. Sijapata kuswali swala kama ile.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi, haina hata wingu la kusingizia. Nikatoka nje, nikaona juu kulia kwangu kile kipitio cha baina ya vilele viwili. Njia ya juu. Fupi kwa mwendo, ndefu kwa kupanda. Nikasema: bonde hili hata mtoto analipita. Mimi nimekuja kujua miguu yangu inafika wapi.

Nikabadilisha njia, Raya. Sikumwambia mtu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ningeweza kuandika kwenye kile kitabu cha wageni kilichokuwa juu ya meza kibandani. Kalamu ilikuwapo. Sikuandika. Nitakwambia ukweli: sikutaka mtu ajue kama nitashindwa na kurudi.

Hilo ndilo kosa langu kubwa katika habari hii. Mengine yalikuwa ya ujinga tu, na ujinga una dawa. Kwa mfano nilipanda kwa haraka nikiona fahari, nikatoka jasho, sufu yote ya ndani ikalowa, na niliposimama kupumua jasho likageuka baridi mwilini mwangu. Tena juu kule theluji ilikuwa na gamba. Unakanyaga, gamba linakuchukua kwa hesabu ya moja, kisha linavunjika unazama hadi mapajani. Unajitoa, unakanyaga tena. Mahali pengine hatua mia zilinichukua nusu saa. Mahali pamoja nilizama hadi kifuani, na nilipojikokota kutoka, glovu moja ilibaki chini. Nikavaa soksi mkononi.

Kabla ya adhuhuri wingu likashuka.

Hujaona kitu kama kile, nami sijui nikufananishie na nini. Giza unalijua, giza lina mwisho wake ukutani. Huu ulikuwa weupe. Mbingu nyeupe, ardhi nyeupe, hakuna mstari baina yao. Nilitupa tonge la theluji mbele yangu nikaliona linatoweka hewani. Nikatoa dira. Dira ikasema kushoto. Mwili wangu wote ukasema kulia. Nikaigonga dira, nikaitikisa, nikaitukana kwa maneno ambayo mama yangu angenifinya. Kisha nikafuata mwili wangu.

Nilitembea kiasi cha robo saa, nikaona nyayo. Raya, nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi! Mtu! Kuna mtu mbele yangu! Nikakimbilia, kama huko kunaitwa kukimbia. Nikainama kuziangalia, nikaona alama ya msumari uliong'oka kwenye kisigino cha kushoto. Zilikuwa zangu.

Pale ndipo khofu iliponikamata. Nimekuwa nesi miaka ishirini, nimeona watu wakifa, nimeshika mikono yao. Khofu ile sijaiona tena. Ilinijia kwa upole. Iliniambia, kaa kidogo, umechoka, hapa laini. Nikakaa. Ilikuwa raha. Na nilipoona kuwa ni raha, nikashtuka, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa: baridi ikianza kuwa tamu, inuka.

Nikainuka. Nikaishika dira mbele ya kifua, nikajiambia kwa sauti, "Leo wewe hujui, hii inajua." Nikaanza kuhesabu hatua. Moja, mbili, tatu. Nikifika mia naangalia dira, naanza tena. Nikiwa kwenye mia ya pili nikagundua kuwa nahesabu kwa Kiswahili. Miezi mingi nilikuwa sijasikia sauti yangu kwa lugha yangu. Huko kwenye mji ule nani ningezungumza naye? Nikaendelea kuhesabu kwa kelele. Nikahesabu, nikasoma sura nizijuazo, nikawataja watu wetu kwa majina mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, nikahesabu tena. Upepo ulikuwa ukinipiga makofi, nami napiga makelele kama muuza samaki. Hapakuwa na mtu yeyote wa kuniambia mwanamke hapigi makelele.

Nilipofika mia ya thelathini na kitu, ardhi ikaanza kuteremka. Nilikuwa nimevuka. Nilikipita kile kipitio bila ya kukiona, lakini nilikipita.

Sikwenda mbele zaidi. Jua lilikuwa linakwisha nyuma ya weupe ule, na chini yangu sikujua pana nini. Nikatafuta ukingo wa theluji, nikachimba kwa kishoka na kwa sahani ya bati mpaka nikapata shimo la kuingia mimi na shanta yangu. Kulivyokuwa humo hakuna cha kusimulia. Nilikaa juu ya shanta, nikayeyusha theluji, nikanywa maji ya moto na tende, nikachezesha vidole. Kulipokucha nikatoboa mlango kwa ngumi, nikatoka.

Ee mwanangu. Jua! Milima yote imesimama, haina wingu, na theluji inang'aa mpaka macho yanauma. Na nyuma yangu, juu kabisa, baina ya vilele viwili, mstari mmoja wa nyayo unateremka mpaka miguuni pangu. Ulikuwa mmoja tu, wa miguu miwili, kisigino cha kushoto kimepungua msumari. Niliutazama kama mtu anayesoma jina lake limeandikwa ukutani. Halafu nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka spitalini hucheka peke yangu. Nilipiga kigelegele, kirefu, cha arusi hasa. Mlima wa pili ukakirudisha. Nikapiga tena.

Niliteremka saa sita mfululizo, theluji inanifika kiunoni mahali pengine, na miguu haikunigombeza. Alasiri nilibisha hodi kwa Mzee Donald.

Moira ndiye aliyefungua; alikuwa amekuja jana yake kunilaki, kabla barabara haijafungwa. Alinitazama kama anayeona mzuka, akanipiga kofi la bega, kisha akanikumbatia akilia. Nyuma yake Mzee Donald amekaa karibu na moto, uso umekwajuka, mkono wa kulia kaupakata kama mtoto mchanga.

Kumbe wingu liliposhuka jana yake, mzee aliingiwa na wasiwasi, akaenda mpaka kibandani kunitazama. Hakunikuta. Karatasi ya Moira ilisema bonde, basi akalitafuta bonde lote, yeye na mbwa wake, mtu wa miaka sitini na zaidi, ndani ya upepo ule. Aliteleza kwenye mawe ya kando ya ziwa, mkono ukavunjika. Alirudi kwa miguu hivyo hivyo. Barabara ilikuwa imefungwa na theluji, daktari hawezi kufika.

"Umetokea wapi?" akaniuliza.

"Juu. Nimevuka kipitio."

"Peke yako? Jana?"

"Peke yangu."

Mzee akatazama dirishani. "Asubuhi nimesikia sauti juu huko. Nikamwambia Moira, ndege gani huyu, simjui."

"Nilikuwa mimi."

Mzee akacheka mpaka mkono ukamuuma, akaacha kucheka. Akaniangalia machoni. "Binti," akasema, "mlima hukuukosea. Umeupita vizuri kuliko wanaume wengi ninaowajua. Uliyemkosea ni mimi."

Nilivua koti, nikaosha mikono, nikaomba mbao mbili na shuka kuukuu. Nikaunyoosha ule mkono, nikaufunga, Moira akimshika mabega. Ulikuwa mkono wa kwanza niliounganisha bila ya mkubwa kunisimamia. Barabara ilipofunguliwa, daktari aliutazama akauliza nani kaufunga, na hakuugusa. Ulipona sawasawa, alhamdulillahi, na mwaka ule ule mzee alinyoa manyoya kondoo wake wote mwenyewe. Nilimwomba radhi, akanipa. Lakini neno lake sijalitua mpaka leo.

Basi kwa nini nilificha? Nilipoolewa nilikhofu baba yako ataona kaletewa mwanamke wa ajabu. Tulipokuja Omani, kila mtu alikuwa anaanza upya, ukoo wa Ibra unatutazama sisi tuliotoka Afrika tunavyokaa na tunavyokula, nikasema si wakati wake. Ukazaliwa wewe, ndugu zako, spitali, zamu. Jambo likifichwa sana hugeuka. Fahari yangu niliificha mpaka nikaanza kuionea haya, na wewe uliponijia na macho yale, sikukwambia "njoo nikufundishe," nikakwambia watu watasema nini. Mimi! Niliyepiga kigelegele pasipo na watu! Nisamehe, mwanangu. Nilikukataza kwa sababu ya uongo na hali sababu ya kweli ninayo: naijua theluji, na nakukhofia. Khofu hiyo haitaondoka, na wala sikuombi uiondoe. Nitaibeba. Mabega yangu yalishabeba shanta.

Leo, ulipoondoka tu kwenda Manah, nimekwenda sebuleni. Baba yako na ami yako Seif walikuwa wanakunywa kahawa. Nimekaa, nimewasimulia yote, kama nilivyokuandikia hapa. Mkono wa baba yako ulisimama na kikombe hewani.

Ami yako ndiye aliyesema kwanza. "Hayo ya zamani, bibi. Sasa ni binti yetu. Mwanamke peke yake mlimani, hilo haliingii akilini."

Nikamwambia, "Limeshaingia mlimani na likatoka, Shekhe. Akili itafuata."

Akaaga, hakumaliza kahawa yake.

Tukabaki wawili. Baba yako akaweka kikombe chini. "Miaka yote hii," akasema, "nalala na mtu aliyevuka milima, na mimi namshika mkono kumvusha barabara ya soko?"

"Nilipenda ukinishika," nikamwambia.

"Ulikuwa na khofu kule juu?"

"Mpaka nikakaa chini."

"Na ukainuka."

"Nikainuka."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa dishidashe, akaivaa. "Naye Raya anayo hiyo ya kuinuka?"

Nikamwambia, "Anayo. Ndiyo maana hajasema nami wiki tatu."

Baba yako akacheka, Raya, cheko lake lile la zamani. Akasema yeye hana sharti ila moja: njia utakayopita uiandike, umpe yeye mkononi, na usiibadilishe bila ya mtu kujua. Nimemwambia sharti hilo nimekwisha kulilipia mimi, na Mzee Donald alililipia zaidi.

Kuna mengi ningetaka kukufundisha kuhusu jasho, na gamba la theluji, na namna ya kukausha soksi kifuani. Tuna usiku kucha wa leo na njia nzima ya kwenda Maskati kesho. Niulize chochote. Lakini ukimaliza kusoma hapa usije kwangu kwanza. Nenda sebuleni. Baba yako ameifungua ile atlasi yako ya skuli juu ya mkeka, amepiga magoti na penseli sikioni, na ameshauliza mara tatu gari ya Manah itafika saa ngapi. Anataka umwonyeshe utapita wapi.

Mama yako